Ngwe ya Mama Kwenye Kitambaa

Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani, pale Karatu mjini, katika moja ya kumbi hizi mpya zenye viti vilivyovalishwa nguo. Mpambaji alikuwa ameamua kuachana na maua. Juu ya kila meza kulikuwa na chupa ndefu, na ndani ya chupa masuke ya mtama, makavu, mekundu, yamefungwa utepe wa dhahabu. Mtama! Sisi tuliukimbia mtama tukiwa wadogo, tukauita chakula cha kuku, leo umefungwa utepe na kuketishwa mbele ya wazee. Nilimwinamia mwenzangu wa mezani nikamwambia hawa wamepamba kwa pombe ambayo haijapikwa, akacheka hadi soda ikampalia. Kisha nikasogeza pua nione kama ni mtama wa kweli. Vumbi lake likaniingia, lile vumbi jembamba linalowasha koo na kunukia kama ghala lililofungwa muda mrefu, na baada ya hapo sikumsikia tena mshereheshaji. Nilikuwa nimerudi kambini Oldeani, nina miaka saba au minane, na mama yangu amebana sindano midomoni.

Wa rika langu waliokulia kwenye kambi za mashamba ya kahawa hawana haja ya kuelezwa, lakini watoto wetu wakisoma haya watadhani natunga. Kambi ilikuwa mistari ya vyumba vya matofali vilivyoachwa na wenye shamba wa zamani, mlango mmoja familia moja, na mbele ya milango njia ya udongo mwekundu iliyogeuka tope kila ukungu uliposhuka kutoka msituni. Baridi yake ilikuwa ya kukufanya unawe miguu tu na kuapa kwamba umeoga mwili mzima. Juu yetu mlima, chini yetu kahawa, na kati yetu na kahawa kipande cha chuma cha reli kilichogongwa kila asubuhi kuwaita wazazi kazini. Kila mlango ulikuwa na lugha yake. Kulia kwetu walizungumza Kigogo, kushoto Kiiraqw, mbele yetu Kinyiramba, na Kiswahili kilikuwa cha uani, cha kugombana na kupatana. Kwetu sisi kilikuwa hicho hicho, nje na ndani. Baba alikuwa mtu wa Mbulu aliyeondoka kwao mdogo, mama alikuwa mtu wa kambini, basi.

Mwaka ninaousimulia mvua ilikuwa imekataa. Mgawo wa unga ukaanza kuja wa njano, kutoka nchi ambazo hakuna aliyezijua, katika mifuko myeupe ya nguo yenye maandishi ya bluu. Ugali wake ulikuwa na harufu ya kitu kilichosafiri sana. Tuliula kwa sababu hapakuwa na mwingine, lakini tuliula kwa manung'uniko, na manung'uniko hayo ndiyo yaliyowafungua akina mama midomo. Kabla ya hapo wote walikuwa wanakula sembe nyeupe na kujiona wameendelea. Sasa jioni, wakichagua maharage mbele ya milango, mmoja angesema kwamba kwao watu wanakula uwele wakati huu, mweusimweusi, mzito, unakaa tumboni hadi kesho. Mwingine angesema uwele ni wa watu wasioujua ulezi. Walibishana kwa sauti za juu na macho yao yakiwa mbali, na mimi nikiwa nimekaa katikati yao nilishangaa kwamba watu wazima wanaweza kuumwa na hamu ya uji.

Aliyelifanya jambo kuwa jambo alikuwa jirani yetu wa kulia, Mama Yohana, Mgogo wa Dodoma, mwanamke mwenye mabega ya mwanaume na sauti ya kusimamisha trekta. Ndiye aliyesimamia mambo ya akina mama wote pale, hakuna aliyemchagua na hakuna aliyethubutu kumuuliza nani kamchagua. Sikukuu ya wakulima ilikuwa inakaribia, na kila kijiji na kila kambi ilitakiwa kupeleka kitu Karatu cha kuonyesha. Wanaume walikuwa tayari wamechagua kupeleka mche wa kahawa, kama miaka yote.

"Kahawa!" Mama Yohana alisema, amesimama na mfuko mtupu wa unga mkononi. "Kahawa nani anakula? Mimi nasema tuwashonee chakula. Hii mifuko mnapangusia miguu, ni nguo hii. Tuiunganishe, iwe moja kubwa, na kila mtu ashone nafaka ya kwao. Hawa watoto wetu wanadhani chakula kinatoka kwenye lori."

Ndivyo kitambaa kilivyoanza. Mifuko ilichanwa, ikalowekwa kwenye maji ya majivu hadi maandishi yakabaki kivuli cha bluu ambacho ungekiona tu ukikitafuta, kisha ikaunganishwa ikawa pana kuliko chumba chetu. Uzi, kwa siku zile ambazo hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, ulipatikana kwa kufumua. Masweta yaliyochoka yalifumuliwa, vitambaa vya makochi vya mke wa karani vilifumuliwa, mwenyewe akitazama kwa huzuni. Nyuzi zikachemshwa kwenye masufuria pamoja na maganda ya vitunguu, magome, masizi, na matope ya mtoni ambayo Ama Paulina peke yake alijua yanachimbwa wapi.

Ama Paulina alikuwa bibi wa Kiiraqw kutoka Kansay, amekuja kumtazama binti yake aliyejifungua, akanogewa na kazi akasahau kurudi. Alikuwa na vidole vyembamba vilivyopinda, lakini ukimpa sindano vilinyooka. Akiwa mwali alishona mwenyewe sketi yake ya ngozi yenye shanga, na mkono wake ulikuwa haujasahau. Wa mwisho kujiunga alikuwa Yeyo, mama wa Kimaasai aliyeshuka kila asubuhi kutoka upande wa Ngorongoro na vibuyu vya maziwa. Jina lake halisi sikuwahi kulijua, tulimwita hivyo kwa sababu watoto wake walimwita hivyo. Alisimama juu ya kitambaa akakitazama muda mrefu.

"Sisi hatulimi," alisema. "Mimi nitashona nini? Ng'ombe anayekula mtama wenu?"

Akina mama walicheka, na Mama Yohana akampa mpaka wote wa kuzunguka kitambaa. "Wewe utakuwa ua," alimwambia. "Ng'ombe wako wakiingia tunakukamata wewe." Yeyo akazungushia pindo lote shanga nyekundu na nyeupe, na mpaka leo nikiona ua la miiba nalitamani liwe vile.

Sasa nieleze kamba, kwa sababu kamba ndiyo iliyonipoteza. Siku ya kugawana, kitambaa kilitandazwa kwenye majani nyuma ya kambi, na Mama Yohana akaja na kamba ya katani yenye vifundo. Ilikuwa ile ile aliyotumia nyapara kupima ngwe, yaani kipande cha palizi ambacho kibarua alipaswa kukimaliza ndipo aende nyumbani. Vijiti vilichomekwa pembeni, kamba ikavutwa, na mtu akapita na kipande cha mkaa akichora mipaka. "Hii ngwe yako, hii yangu, ile ya Ama. Usinivukie mpaka." Walikuwa wanafanya kama wanavyofanya shambani kila siku, hawakujua njia nyingine ya kugawana kitu kikubwa.

Lakini mwaka ule ule watu wazima walikuwa hawana habari nyingine ila ardhi. Kuna waliohamia vijijini wakapimiwa mashamba, kuna waliokuwa wanangoja, na baba kila jioni alimwambia mama, "Na sisi watatupimia tu, ngoja uone." Basi nilipoona kamba na vijiti sikuhitaji kuambiwa na mtu. Siku imefika. Nikaamini, na niliamini kwa moyo wote, kwamba kila mwanamke anashona pale kitu anachotaka kiote, kwamba kitambaa kitapelekwa Karatu, wakubwa watakitandaza na kukisoma, na kila mmoja atapewa shamba lake na alichokishona ndani yake. Atakayeacha ngwe yake tupu ataondoka mikono mitupu. Niliwatazama wale mama wakikata uzi kwa meno nikaona watu wanaoumba dunia, na nikatembea kwa ncha za vidole nikipita karibu.

Na kweli dunia iliumbika. Ulezi wa Ama Paulina uliota kama viganja vya mikono, kila kidole kimejazwa vifundo vidogo vya uzi wa kahawia, vingi kiasi kwamba ukipitisha kiganja juu yake unasikia punje. Uwele wa Mama Yohana ulisimama wima, mnene, mrefu, umejipanga kama askari, ungejua ni wa kwake bila kuambiwa. Mama wa Kinyiramba aliyekaa mbele yetu alishona mtama wenye shingo iliyopinda, suke limeinamia chini kwa uzito. Nilikuwa sijawahi kuona nyingi kati ya nafaka hizi zikiwa shambani. Kwangu mimi zilitokea duniani kwa mara ya kwanza pale, kwenye mfuko wa unga wa njano.

Ngwe ya mama yangu ilikuwa bado nyeupe.

"Mama Neema," Mama Yohana aliita, "kwenu mnalima nini?"

"Kwetu Singida," mama alijibu.

"Singida naijua, nimepita. Nimeuliza mnalima nini."

"Mtama."

"Mtama upi? Mwekundu? Mweupe? Wa shingo hii ya mwenzako, au uliosimama?"

Mama alitazama mikono yake. "Mtama tu," alisema.

Mama alikuwa ameletwa Oldeani mgongoni mwa baba yake. Mama yake alikufa kule Singida yeye akiwa bado anatambaa, na baba yake, babu yangu ambaye sikumkuta, alikuja kutafuta kazi kwenye kahawa na kitoto kimoja na blanketi. Alikuwa mtu wa kimya. Alikufa mama akiwa binti, bila kumwambia jina la kijiji, wala jina la bibi yangu, wala lugha yenyewe. Oldeani ni kahawa, ngano na mahindi, na mtama mama aliouona ulikuwa wa kwenye debe la muuza pombe, punje tu. Wenzake wakitaniana kwa makabila yao, utani ukimfikia yeye ulipita pembeni kwa adabu, kwa sababu hakuna aliyejua amtanie kwa lipi. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kutukanwa. Sikujua hayo wakati ule. Nilijua tu kwamba wengine wote wana shamba na sisi hatuna.

Siku kadhaa mama alikaa na ngwe yake mapajani akirudi kupalilia, bila kupiga hata mshono mmoja. Kisha siku moja akafumba macho. Nilikuwa nimekaa karibu yake nikimshikia uzi, nikadhani amesinzia. Akafumbua, akapiga mishono michache upesi, akafumba tena. Alikwenda hivyo jioni nzima, na jioni nyingine, na nyingine, kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu, anazamisha, anavuta, anamimina. Nilimuuliza anafanya nini akifumba. Aliniambia, "Kuna kitu huwa nakiona. Tangu mdogo. Nikikaribia kulala kinakuja." Nikamuuliza ni mtama? Akasema hajui, lakini alipoulizwa habari ya mtama ndicho kilichokuja.

Alipomaliza, alikirudisha kitambaa kwa wenzake, wakakitundika ukutani ili wakione chote. Kwenye ngwe ya mama mabua yalitoka kila upande. Mengine yaliota kutoka chini kama kawaida, lakini mengine yalitoka kushoto, mengine kulia, mengine yalining'inia kutoka juu, na yote yalielekea katikati, membamba kadiri yalivyokwenda. Na pale katikati masuke yalikutana, meusi, ya mviringo, yamesongana, na nafasi nyeupe kati yake.

"Mama Neema," mmoja alisema, "huu mtama umepitiwa na tembo?"

"Umekunywa pombe yake wenyewe," akasema Ama Paulina.

Walicheka wote, na mama akacheka nao, kicheko kile cha mtu anayesaidia kubeba mzigo wake mwenyewe. Mama Yohana hakucheka. Alikuwa ameukaribia ukuta, mikono kiunoni.

"Mtama gani unaota kutoka mbinguni?" aliuliza. "Hapana. Watu watatucheka kule Karatu, watasema kambi nzima imelewa. Fumua, Mama Neema. Mimi nitakuchorea kwa mkaa, wewe utafuata tu."

"Ukinichorea utakuwa wako," mama alisema taratibu. "Mimi sijui mwingine, dada. Huu ndio ninao."

"Basi ngwe nitaijaza mwenyewe. Uwele wangu una nafasi ndogo. Kesho tunakiosha, kikikauka naleta wembe."

Mama aliingia ndani akaanza kupika. Nilimfuata nikamuuliza sasa tutahamia wapi. Akaniuliza nani anahama. Nikamwambia Mama Yohana anachukua shamba letu, na wale wakubwa wa Karatu wakisoma kitambaa hawatatuona. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaelewa nilichokuwa naamini siku zote zile. Nilitegemea acheke au anikaripie. Alinivuta tu akanibana kichwa kwenye tumbo lake, na kanga yake ilikuwa na moshi, na hakuniambia kwamba nimekosea.

Habari ya sikukuu yenyewe naimalizia hapa, maana siyo iliyonifanya nishike kalamu. Kitambaa kilikwenda Karatu juu ya lori, kikatundikwa karibu na mche wa kahawa wa wanaume, watu wakakizunguka, mtu mmoja mkubwa akakisifia kwa maneno marefu. Hakuna aliyepimiwa shamba siku ile. Kitambaa kikabaki ofisini kwa mtu, kisha ofisi ikahama, kisha hakuna aliyejua. Nimekiulizia nikiwa mtu mzima mpaka nimechoka. Ninachotaka kusimulia kilitokea kabla, siku ya kukiosha.

Walikiosha asubuhi mtoni, akina mama wote wakiwa ndani ya maji hadi magotini, wakipiga kelele kwa baridi. Swali likawa kikaanikwe wapi kitu kikubwa namna ile. Msimu wa kahawa ulikuwa haujaanza, na meza za kuanikia zilikuwa tupu, zile meza ndefu za nguzo na waya wa matundu, ambazo kahawa iliyooshwa humwagwa juu yake ili hewa ipite chini na juu. Wakakitandaza pale. Na kwa kuwa rangi zilikuwa za maganda na matope, wakakigeuza, uso ukaangalia chini kwenye waya, jua lisiupaushe, kama kila mwanamke anavyoanika nguo yake ya maua. Kisha wakaondoka kwenda kuota moto.

Mimi sikuondoka. Nilikuwa nimejipangia kukaa na shamba letu hadi mwisho, na wembe ukija unikute. Nikatambaa chini ya meza, nikatafuta ngwe ya mama kwa kuhesabia nguzo, nikalala chali kwenye majani.

Nitajaribu kusema nilichokiona. Jua lilikuwa juu ya kitambaa na mimi chini yake. Mfuko mweupe uliwaka. Kila nilipokuwa nimezoea kuona uzi, uzi ulikuwa umepotea, na badala yake mabua yalikuwa yamesimama. Yalisimama pande zangu zote, kutoka miguuni, kutoka mabegani, kutoka nyuma ya kichwa changu, marefu, yanakwenda juu, juu sana, yakikaribiana kadiri yanavyopanda. Kule mwisho masuke yalikuwa meusi kwa sababu mwanga ulikuwa nyuma yake. Na katikati ya masuke kulikuwa na anga. Upepo ukapita kwenye matundu ya waya, kitambaa kikainuka kidogo na kushuka, na mtama wote ukatikisika. Niliogopa kupumua. Nilikuwa ndani ya shamba. Nilikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kuwa, na hakuna kitu kilichokuwa kinanitisha.

Sijui nilipiga kelele gani. Mama alinisikia akaja mbio akidhani nyoka. Aliinama akaona niko mzima, nami sikuweza kueleza, nilimshika mkono nikamvuta. "Lala," nilimwambia. "Mama, lala." Sijui kwa nini alinitii. Alikunja kanga yake akaingia, mtu mzima, akalala chali kando yangu chini ya meza ya kahawa, na nikahisi mwili wake wote ukitulia mara moja, kama maji yakiepuliwa motoni.

Baadaye kidogo nikaona miguu mikubwa ya Mama Yohana ikija, na ninakumbuka ilivyosimama.

"Ninyi mmekufa?" aliuliza. "Tokeni huko, mtaangusha kitu cha watu."

"Dada," mama alisema, bila kuondoa macho juu. "Njoo uone."

Mama Yohana aliguna, akalalamikia magoti yake, akaingia. Meza ilitikisika. Alilala upande wa pili wa mama, nikamsikia akihema, kisha nikamsikia ameacha kulalamika. Upepo ukapita tena. Mtama ukatikisika tena.

"Mh," alisema. Halafu kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Kumbe."

Ama Paulina alifuata, na Yeyo na vibuyu vyake, na mama wa Kinyiramba, mmoja mmoja, wakiuliza kuna nini na kutojibiwa, hadi chini ya meza pakajaa wanawake waliolala chali bega kwa bega kama watoto wa chumba kimoja, miguu nje. Hakuna aliyecheka. Karani alipita njiani, akatuona, akaenda zake haraka.

"Ni mtama," Mama Yohana alisema mwishowe. "Ni mtama kweli, umekomaa. Ila unautazama ukiwa umelala chini." Akageuza kichwa akamtazama mama. "Wewe ulikuwa mdogo sana."

"Niliambiwa nilikuwa bado natambaa mama alipokufa."

"Ndiyo. Ungekuwa unatembea usingelala hapo ukatazama juu mpaka ukakariri." Akarudisha macho juu. "Wangu wote niliwalaza hivi. Wakati wa kuvuna, ukimbeba mtoto mgongoni mkono haufiki kwenye masuke. Unamtandikia nguo kati ya mistari, kivulini, unakata unasogea, unakata unasogea."

Mama alikuwa amenishika kidole, amekibana hadi kinauma.

"Kwa hiyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi sikuwa peke yangu hapo."

"Peke yako vipi? Mtoto hajilazi mwenyewe shambani, Mama Neema. Kuna aliyekulaza."

"Na alikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Mistari miwili, mitatu. Haendi mbali ya kutosikia."

Wenye elimu wameniambia kwamba mtoto wa umri ule hawezi kukumbuka kitu. Sibishani nao. Wao hawakulala pale. Wembe haukuletwa, na Mama Yohana alipigana na kila aliyesema neno juu ya ngwe ile, hadi mbele ya yule mtu mkubwa wa Karatu. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, chini ya meza, baada ya jibu lile, mama yangu alitazama juu muda mrefu, kisha akalia. Hakulia kilio cha mtu mzima cha kuficha uso. Alitoa sauti moja fupi, akanyamaza akasikiliza, kama mtoto mchanga anavyolia mara moja ili kujua kama kuna mtu. Na Mama Yohana, aliyekuwa ameuangalia mtama ule bila kupepesa, akaitika kwa ile sauti yake ya kusimamisha trekta, akiishusha mpaka ikawa laini:

"Nakuja, mwanangu. Nakuja. Nimebakiza kidogo tu."